Re: Hizi picha za zamani za Wachina wakitengeneza kauri, niziamini?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuzitumia hizo picha kuwafundishia wanafunzi wako kauri ilivyotengenezwa. Tumia, ila angalia kwanza zimetoka wapi. Zile za rangi za maji za karne ya 18 na 19 nyingi zilichorwa Guangzhou, mji wa bandari kusini mwa China, kuwauzia wageni wa Ulaya, ndo maana kila kitu kisafi, hakuna vumbi wala moshi, na kazi yenyewe ya kauri ilikuwa mji wa Jingdezhen, mbali huko bara.

Mi ningekushauri uanze na zile picha 20 za mfalme Qianlong, sababu mwaka 1743 alimwagiza Tang Ying, msimamizi wa matanuri ya kifalme, aziandikie maelezo, na huyo jamaa kazi aliijua kweli. Anaeleza jiwe la kutengenezea kauri linavyotwangwa kwa vinu vya maji, linasafishwa, linafanywa matofali. Fundi anazungusha gurudumu kwa fimbo ya mwanzi! Na glezi, yaani ule uji unaopakwa chombo kikang'aa kama kioo kikichomwa, kwenye vyombo vikubwa wanachovya bomba la mwanzi lililofungwa kitambaa chepesi mdomoni halafu wanapuliza, mara tatu nne mpaka kumi na saba hivi, hapo ndo mimi huwa nakaa sana kuangalia.

Waonyeshe pia wachoraji, maana anayechora mistari hapaki rangi na anayepaka rangi hachori mistari, ila wote wanakaa nyumba moja ili kazi ifanane. Ukiwa na picha moja tu ya kuprinti, chukua hiyo.