Maswali ya wasomaji: Baridi ya gesi inatoaje umeme?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi nafuatilia sana habari za gesi ila kuna kitu kimenikwama. Gesi asilia ikipozwa sana inageuka kimiminika, ile LNG, hapo naelewa. Sasa nimesikia kuna watu wanazalisha umeme kwa kutumia ule ubaridi wake. Jamani, ubaridi si ni kukosekana kwa joto tu? Kitu ambacho hakipo kinazungushaje mtambo? Au ndo yale ya umeme wa bure tunayodanganywa nayo mitandaoni? Na kama ni kweli, mbona sio kila bandari inafanya?

JIBU: Habari ni njema ndugu yetu, na hapo ulipokwama wengi wanakwama. Uko sahihi, ubaridi peke yake hauzungushi kitu, ila hata joto peke yake halizungushi kitu. Kinachofanya kazi ni joto kuhama kutoka penye moto kwenda penye baridi, sisi tunachofanya ni kuliwekea tabaini njiani, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na mvuke. Mtambo wa makaa unachoma makaa ili upande wa moto uwe moto kweli kweli, upande wa baridi unakuwa maji ya mto au ya bahari. Kwenye LNG mambo yamegeuka, bahari ndo inakuwa upande wa moto! Maji ya nyuzi 20 ukiyaweka karibu na kitu chenye nyuzi 162 chini ya sifuri, hiyo ni tofauti ya nyuzi zaidi ya 180, na hakuna ulichochoma.

Sasa katikati hapo huwezi kupitisha maji, yataganda na kuziba kila kitu, kwa hiyo mara nyingi wanatumia propani, gesi ya jamii ya ile ya mitungi ya kupikia. Propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri, na haigandi mpaka ifike kama 188 chini ya sifuri, yaani hata ikikutana na LNG haiwi jiwe. Bahari inaipasha inachemka, ndio, inachemka kwa maji ambayo wewe ukiyaoga unatetemeka, mvuke wake unapanda presha unapita kwenye tabaini, jenereta inazunguka, halafu mvuke unakutana na mabomba ya LNG unapoa unarudi kimiminika, pampu inaurudisha mwanzo. Ni kama friji inayoendeshwa kinyumenyume. Na hapo hapo LNG imepata joto imeanza kuwa gesi, kazi ambayo ilikuwa lazima ifanyike tu.

Umeme wa bure? Hapana. Kule gesi ilikotoka walitumia nishati nyingi sana kuipoza mpaka ujazo wake ukapungua kama mara 600 ili iingie melini. Sehemu ya ile gharama imekaa ndani ya ule ubaridi, hapa tunarudishiwa kidogo.

Kinachoniuma mimi ni jinsi baridi hii inavyomwagwa bure. Kwenye vituo vingi vya kupokelea LNG kuna safu za mabomba yaliyosimama wima, maji ya bahari yanateremka kwa nje kama pazia, LNG inaingia kwa chini inapanda kwa ndani. Ukiangalia miguuni mwa yale mabomba unaona barafu nyeupe imeng'ang'ania japo maji yanapita juu yake muda wote, na yale maji yanarudi baharini yamepoa basi. Tani 1 ya LNG kufika joto la kawaida inameza joto zaidi ya kilowati-saa 200, sawa na hita ya kilowati 1 kuwaka zaidi ya siku 8 usiku na mchana! Sio yote yanageuka umeme, ni sehemu ndogo tu, lakini kutopata chochote ni hasara.

Wajapani waliliona mapema. Walianza kupokea LNG mwaka 1969, na mwaka 1979 kampuni ya Osaka Gas ikawasha mtambo wa propani kwenye kituo chake cha Senboku, kilowati 1,450.

Sasa mbona sio kila bandari. Kwanza hiyo 1,450 ni ndogo, mtambo wa kawaida wa gesi unatoa mamia ya maelfu ya kilowati. Halafu vyuma, chuma cha kawaida kwenye baridi ile kinakuwa kama kioo, ukikigonga kinapasuka, kwa hiyo unahitaji chuma chenye nikeli asilimia 9 au chuma cha pua au alumini, bei juu. Gesi nayo inasukumwa kwa presha kubwa ikiwa bado kimiminika kwa sababu ni rahisi zaidi kuliko kuibana ikishakuwa gesi, na kadiri presha inavyopanda ndivyo baridi ya kutumika inavyopungua. Halafu watu wakipunguza kutumia gesi, LNG inayopashwa inapungua na umeme wako unashuka nao.

Mimi naona kama jirani kuna kiwanda cha oksijeni na naitrojeni, au cha barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa), au ghala la kugandishia, wapewe wao baridi kwanza, maana wanaitumia kama ilivyo na wanaokoa umeme ambao kompresa zao zingekula. Ila vituo vingi viko peke yake, hapo ndo tabaini ina maana, na umeme wake hata usipofika mjini unaendesha pampu za maji ya bahari na za LNG za kituo chenyewe, ambazo hazizimwi usiku wala mchana.