Ubunifu darasa la nne bila karakana

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uanzie wapi kufundisha ubunifu na teknolojia darasa la nne, watoto 60, karakana hakuna. Usianze na vifaa, anza na shida wanayoijua. Mimi hapa Moshi huwaambia: mama anauza ndizi soko la Mbuyuni, mtengenezee kigari cha kuzibebea. Kwanza wachore, na mchoro uwe na vipimo kwa sentimita. Hapo usilegeze kamba kabisa, asiyechora atakatakata boksi ovyo.

Vitu ni vya kuokota: maboksi ya dukani, vifuniko vya chupa vya kuwa magurudumu, vijiti vya mishikaki. Matundu toboa wewe mwenyewe kwa msumari wa moto.

Muhula uliopita kigari cha binti mmoja kilikuwa kinachechemea. Nilitamani kumwambia kosa liko wapi, nikajizuia. Akakiinamia, akazungusha gurudumu mojamoja, mwisho akasema, "Mwalimu, tundu halijakaa katikati!" Basi tukakata karatasi duara saizi ya kifuniko, tukaikunja nusu, tukaifungua, tukaikunja nusu kwa upande mwingine. Mikunjo inapokatana ndiyo katikati. Darasa zima likataka kujaribu, na kipindi cha hisabati kikawa kimeshaanza bila kengele.

Alama nyingi upe mchoro wa pili, ule wa marekebisho, kuliko kigari chenyewe. Wakishazoea, watoe nje wakaone mfereji wa kumwagilia migomba, halafu watengeneze wao wa udongo. Maji yakigoma kwenda, waache wahangaike na mteremko.