Pima Kisima, Kisha Pima na Mtungi

Shemeji yangu anaishi Ohio, Marekani. Aliponunua nyumba, kabla hata hajahamia, aliweka kikopo kidogo kwenye chumba cha chini kwa siku kadhaa, kisha akakipeleka maabara kupimwa radoni. Hiyo ni gesi inayotoka kwenye miamba na udongo wenye urani. Haina rangi wala harufu, na huko kwao ndiyo inayofuata sigara kwa kuwapa watu saratani ya mapafu. Nilimcheka kwenye simu: watu wa huko mnapima mpaka hewa! Akaniuliza, "Na nyie kile kisima cha bibi mmeshakipima?"

Nikakosa la kusema.

Kisima chetu kipo mashariki ya Pemba, kwenye maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe. Maji yake meupe, baridi, hayana chumvi hata kidogo, na watu hutoka vitongoji vya mbali kuja kuteka maji ya harusi. Lakini kila masika watoto huharisha. Tulikuwa tukisingizia meno kwa wadogo na uroho kwa wakubwa.

Jiwe la matumbawe lina nyufa kila mahali. Udongo mzuri huyachuja maji yakishuka, ila kwenye nyufa hushuka kama yalivyo, na kilichokuwa juu asubuhi kinaweza kuwa kisimani jioni. Ndiyo maana ile kanuni ya mita 30 baina ya choo na kisima, kwetu sisi wa maweni, mimi siitegemei peke yake.

Nilianza na kile kipimo cha chupa yenye dawa. Unatia maji mpaka kwenye alama, unafunga, unaiacha ndani ya nyumba siku moja au mbili. Ikigeuka nyeusi, ni dalili kwamba kinyesi kimeingia. Haikwambii vijidudu ni vingapi, wala kama ni vya mtu au vya ng'ombe. Ukitaka hesabu lazima maabara, na hapo kuna kazi: chupa uichukue kwao, mdomo wake usiuguse kwa kidole, uiweke kwenye barafu, uifikishe ndani ya saa 6. Mara ya kwanza niliteka alfajiri, gari ya abiria ikazunguka kutafuta watu mpaka jua likawa kali, barafu ikayeyuka yote. Nikarudishwa. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kijidudu kimoja cha kinyesi katika mililita 100. Yetu yalikuwa navyo vingi. Na usipime kiangazi ukajipongeza. Pima baada ya mvua kubwa.

Sasa kosa langu. Hatua kumi na nne juu ya kisima kuna choo cha shimo cha ami yangu. Nilichukua karatasi ya maabara nikaisoma kwenye kikao cha shehia, mbele ya wazee na wakwe zake. Sikumtaja, lakini nani hajui choo kile ni cha nani? Jioni alinijia mlangoni, hakukaa. "Mwanangu, ndiyo umenivua nguo mbele ya watu?" Hatukusemezana mwezi mzima, na kijijini ukigombana na ami umegombana na nusu ya mji.

Kwa hiyo ukipata majibu, karatasi ifiche kwanza. Nenda kwa mwenye choo usiku, na mtu mzima anayemheshimu, na mpe chupa ateke mwenyewe. Mimi nilifanya hivyo baadaye, nikiwa na halati yangu, dada wa mama, na msamaha mdomoni. Ami aliiweka chupa dirishani kwake, na kila akitoka kusali anaitazama. Siku ya pili ikawa nyeusi kama wino. Hakusema kitu kuhusu choo. Alisema, "Na mtungi wako umeupima?"

Niliona ananirudishia. Maji ya mtungini nayachemsha mimi mwenyewe, mpaka yatokote kwelikweli. Nikapima ili nimfunge mdomo. Chupa ya mtungi ikageuka nyeusi kabla ya ile ya kisima.

Sababu ilikuwa kata ya kuchotea maji. Mtoto ametoka kuchezea kuku, anachota, vidole vinaogelea, kata inawekwa chini sakafuni, mwengine anaichukua. Kuni zote zile nimechoma bure. Siku hizi tuna ndoo yenye mfuniko na koki. Bibi haitaki, anasema maji ya ndoo hayana ladha, basi mtungi wake umebaki, ila kata yake ina mpini mrefu, hutundikwa ukutani, na asiyenawa haigusi. Kamba na ndoo ya kisimani nazo hazilazwi tena chini.

Na kama maji yenu yana chumvi, kuchemsha hakuiondoi. Vivyo hivyo na naitreti, kemikali inayoingia majini kutoka kwenye kinyesi na mbolea, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga. Hiyo lazima uiombe maabara waipime peke yake.

Ami amechimba choo kipya upande wa chini, mbali, na kile cha zamani amekifukia. Baada ya masika tulipima tena, mimi na yeye. Chupa ya mtungi haikugeuka nyeusi. Ya kisima ilichelewa, lakini iligeuka. Tunaendelea kuchemsha.