Asubuhi inawaka fresh, ikipata moto inagoma

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Corolla 110, injini 5A, nakaa Mafiati hapa Mbeya. Asubuhi hata kwenye lile baridi la Juni gari inawaka mara moja tu, ila nikitoka Kyela nikasimama Tukuyu kula, dakika ishirini tu nikirudi napiga selfu inazunguka weee haiwaki, mpaka nikandamize mafuta hadi chini ndo inashika kwa kutetemeka na moshi mweusi nyuma. Nimeshabadilisha plagi na pampu ya mafuta, bado. Sasa fundi ananiambia ninunue kontrol boksi, ile kompyuta ya injini. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Boksi usinunue kwanza, tafadhali, hujafika huko.

Hilo neno la moshi mweusi ndo limenishika. Gari iliyokosa mafuta haitoi moshi mweusi, na EFI nyingi, yaani injini zinazopulizia petroli kwa umeme, ukikanyaga mafuta mpaka chini wakati wa selfu zinakata nozeli, vile vipuliza mafuta, inaingia hewa tu, kwahiyo kama yako inawaka kwa njia hiyo basi injini ilikuwa imejaa petroli, haikuwa na njaa. Inaniuma umeshanunua pampu.

Uhakikishe hivi: siku ikigoma tena usisubiri ipoe sana, chomoa plagi moja pale pale, taratibu maana kichwa ni aluminiamu na kikiwa cha moto nyuzi za tundu la plagi zinaliwa haraka, na mvuta sigara akae mbali. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, endelea na mimi. Ikiwa kavu ni habari nyingine kabisa, presha inakimbia gari ikizimwa au petroli inachemka kwenye reli, lile bomba linalogawia nozeli mafuta, na huku kwetu milimani inachemka mapema kuliko Dar.

Imelowa? Anza na regyuleta ya mafuta, kidhibiti presha kilichokaa kwenye reli ya nozeli, ina kimpira chembamba cha vakyumu (mvuto wa hewa) kinaenda manifodi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Kichomoe ukinuse, kikung'utie kwenye karatasi nyeupe. Ukiona petroli humo ndani basi dayaframu, ule utando wa ndani, imetoboka na injini inanyonya mafuta kwa mlango wa nyuma, badilisha regyuleta umemaliza.

Kikiwa kikavu nenda kwenye sensa ya temperecha ya maji. Sio ya geji ya dashibodi jamani, hapo mafundi wengi wanapotea, ya geji ina waya mmoja, ya boksi ina mbili. Ipime kwa mita: maji yakiwa nyuzi 20 isome kama kilo-om 2 mpaka 3, yakifika 80 ishuke mpaka om 200 hadi 400. Kama injini inaunguza mkono na sensa bado inasoma om elfu mbili (kilo-om 2), boksi linaamini ni asubuhi ya Juni na linamwaga mafuta ya asubuhi ya Juni, na ukiliuza ukanunua lingine, nalo litadanganywa vilevile.

Zote zikiwa nzima nashuku nozeli zinavuja. Hapo tafuta fundi mwenye geji ya presha, azime gari asubiri dakika tano, presha isishuke chini ya bar 1.5 hivi, ikishuka na plagi zimelowa, nozeli zitolewe zisafishwe na zipimwe kama zinadondosha.

Kimpira unaweza kukichomoa leo jioni mwenyewe, hakina gharama. Ukikikuta kikavu niandikie mita imesoma ngapi kwenye sensa, baridi na moto.