Simulizi za mapenzi za Assam: si Kibengali

Wapo wanaosema simulizi za mapenzi za kusikiliza kutoka Assam, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, ni Kibengali chenye lafudhi tu. Hapana, si Kibengali. Ni Kiassam, lugha ya watu wapatao milioni 15 (sensa ya India ya 2011), na tangu Oktoba 2024 serikali ya India inaihesabu miongoni mwa lugha zake za kale. Kinachowachanganya wengi ni maandishi: herufi karibu zote ni zilezile, ila "ra" ya Kiassam ni ৰ na ya Kibengali ni র. Ukisikiliza ndiyo rahisi zaidi. Kiassam kina sauti ya "kh" kama ya Mwarabu, pale ambapo majirani husema "s" au "sh". Hata jimbo lao wenyewe hulitamka kama "Okhom". Msimuliaji akishusha pumzi kwenye kh hizo, hadithi ya mapenzi inanoga, wallahi.

Na wanaosema kwamba kusikiliza simulizi hizi ni mtindo ulioletwa na simu, wamekosea nusu. Redio ya Guwahati, jiji kubwa la Assam, ipo hewani tangu 1948 na michezo ya kuigiza ya Kiassam ni desturi yake ya zamani. Nyimbo za Bihu, sherehe ya Waassam ya mwezi wa Aprili, nazo ni mapenzi matupu. Simu na bando la bei nafuu vimeongeza tu faragha ya kusikiliza.

Ila angalia: bonde la Barak, upande wa Silchar, nako ni Assam, na huko wengi huzungumza Kibengali kweli.