Miaka mitatu kwenye genge la mama nitaisemaje?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina shahada ya uhasibu, ni mwaka wa tatu sasa tangu nimalize chuo. Niliomba nafasi ya Mhasibu Daraja la II kupitia Sekretarieti ya Ajira, usaili wa mchujo nikapita, na sasa nimeitwa kwenye usaili wa mahojiano Dodoma, Chuo Kikuu. Hofu yangu ni hii: wakiniuliza muda wote huu nimekuwa nikifanya nini, nitajibu nini? Nipo nyumbani Korogwe, namsaidia mama genge la matunda karibu na stendi, na ni katibu wa kikoba chetu, basi. Rafiki yangu anasema nidai nilijitolea kwenye kampuni ya shemeji yake, barua atanitafutia. Halafu suti sina, ila binamu yangu yuko tayari kuniazima yake. Nifanyeje? (Msomaji, Korogwe)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Kwenye mchujo ndiko wengi wanakobaki.

Barua ya shemeji mrudishie mwenyewe. Nimekaa upande wa pili wa meza ile miaka mingi nikiwa ofisa utumishi, na barua za namna hiyo hazihitaji polisi kuzikamata. Swali la pili tu linatosha: "Hapo mlikuwa mnafunga hesabu za mwezi tarehe ngapi? Hundi alikuwa anasaini nani?" Aliyekuwapo anajibu hata hujamaliza kuuliza. Asiyekuwapo anatazama dari. Na wewe unaomba kushika fedha za umma, utaanzaje na karatasi ya uongo?

Umeandika "katibu wa kikoba, basi". Hiyo "basi" ndiyo iliyonifanya nichague barua yako. Hebu tulitazame hilo sanduku lenu. Kama kikoba chenu ni kama vingi ninavyovijua, lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Siku ya kikao fedha zinahesabiwa mbele ya watu wote, kiasi kinatajwa kwa sauti, ndipo wewe unaandika. Hisa zina ukurasa wake, mikopo ina wake, na mfuko wa jamii hauchanganywi na kitu. Siku ya kugawana, daftari lisipolingana na sanduku, haondoki mtu.

Chuoni hayo uliyasoma kwa jina la udhibiti wa ndani na mgawanyo wa majukumu. Wakikuuliza utazuiaje upotevu wa fedha taslimu, wenzako watakariri kitabu. Wewe nawe anza na kitabu, wajue umesoma, kisha wape zile kufuli tatu. Wasimulie na siku ambayo hesabu ilipungua. Najua ipo, sijaona kikoba kisichokuwa nayo. Zilipungua shilingi ngapi, ulianza kuzitafuta ukurasa gani, kosa ulilikuta wapi. Taja kiasi chenyewe, usiseme "fedha kidogo". Genge nalo usilifiche: kama huwa unaandika mauzo na manunuzi ya kila siku, sema. Kama huandiki, anza leo, maana bado una siku kadhaa.

Jizoeze kwa sauti, si kichwani. Mkalishe mdogo wako kwenye kigoda akuulize, "Tueleze kwa kifupi wewe ni nani." Dakika mbili zinatosha, na usianzie kwenye idadi ya ndugu zako. Wakikuuliza udhaifu wako, nakusihi, usiseme unafanya kazi kupita kiasi. Asubuhi moja niliwasikia vijana wanne mfululizo wakisema hivyo. Alipofika wa nne, mwenyekiti wetu aliinama akajifanya anatafuta kalamu. Taja kitu cha kweli kinachorekebishika, na useme unakirekebishaje. Swali likija kwa Kiingereza ukakwama katikati, omba kwa adabu umalizie kwa Kiswahili. Kunyamaza ni kubaya zaidi.

Sasa vyeti, maana hapo watu hulia wakiwa bado mlangoni. Soma tangazo la kuitwa mstari kwa mstari. Wanataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne hadi cha chuo, pamoja na kitambulisho. Karatasi za matokeo ya muda hawazipokei. Linganisha majina herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kinasema Mwanaidi na kingine Mwanaid, usingoje kueleza siku hiyo. Shughulikia mapema hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Nauli, chakula na malazi ni juu yako.

Kutoka Korogwe hadi Dodoma kwa njia ya Segera, Chalinze na Morogoro ni safari ya siku nzima, kwa hiyo usipande basi usiku wa kuamkia usaili. Fika siku moja kabla, na jioni hiyo nenda ukaone mahali penyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma ni kikubwa, kutoka ndaki moja hadi nyingine si pa kwenda kwa miguu na viatu vya kisigino huku saa inakukimbiza.

Suti ya binamu mwachie binamu. Anayevaa nguo ya kuazima utamjua, kila akikaa anavuta mkono wa koti. Blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, sketi nyeusi iliyovuka magoti, viatu ulivyokwisha kuvizoea; kama unavaa hijabu, chagua ya rangi moja. Kabla ya kuipakia hiyo sketi, ikalie kwenye kiti kigumu robo saa, uone kama inapanda. Na umwambie mama mapema atafute wa kumshikia genge siku tatu: ya kwenda, ya usaili na ya kurudi.