Jibu: Moshi wa boila ya kuni ya jirani, jimbo la Connecticut, Marekani

Salaam dada, pole sana na mtoto. Umeuliza kama jirani ana haki ya kuwasha boila ya kuni (tanuri la nje la kupashia nyumba joto) uani kwake wakati moshi unaingia chumbani kwenu.

Kwanza ulizia boila hiyo iliwekwa lini. Kwa sheria ya Connecticut, zilizowekwa baada ya 8 Julai 2005 lazima ziwe umbali wa futi 200 au zaidi kutoka nyumba ya jirani, na bomba la moshi lipite mapaa ya nyumba zilizo ndani ya futi 500. Kuni ziwe ambazo hazijatiwa kemikali. Kisha uliza manispaa yenu, maana ipo miji iliyozipiga marufuku kabisa.

Jirani yangu mimi alikuwa akichoma mbao za kuvunja nyumba, zina rangi na misumari. Nilipolalamika kwa mdomo, sikusikilizwa. Nikanunua daftari: tarehe, saa, upepo unakotoka, na picha ya moshi umelala chini kama ukungu mbele ya dirisha. Baada ya wiki mbili nikalipeleka, mkaguzi akaja na futi ya kupimia.

Usikubali kuambiwa uvumilie. Hayo ni mapafu ya mtoto.